Feruzi Iliyokoza

Kabla hajafariki, mume wangu Saif alipaka viraka viwili ukutani mwa chumba chetu: kimoja feruzi nyepesi, kingine feruzi iliyokoza. "Utachagua wewe, Mauza," aliniambia. Sikuwahi. Nimekuja kuchagua sasa, nimekaa eda humu ndani, nikivitazama kutwa. Nimechagua nyepesi. Ghorofa jipya la hapa Kariakoo limetuzibia jua lote dirishani, na chumba kinataka mwanga.

Shemeji yangu Taimur alijitolea kuninunulia rangi na kuleta fundi. Alisimama nje ya pazia, kama ada ilivyo, nikamwambia mara mbili: nyepesi. Leo asubuhi nikahamia jikoni ili fundi asinikute chumbani. Nilipochungulia, ndoo ilikuwa imefunguliwa, na ndani ni ile iliyokoza.

"Taimur, siyo hiyo niliyokuagiza," nikamwambia kutoka nyuma ya mlango.

"Nyepesi inashika uchafu, shemeji."

"Uchafu wa nani? Naishi peke yangu."

Nilikasirika. Mimi ndiye nitakayeutazama ukuta huo, yeye anarudi kulala kwake Upanga.

Fundi Athanas, asiye na habari ya mambo yetu, akadhani ananisaidia. "Mama, hii ndo nzuri. Wapangaji wakiegemea haionyeshi. Hata zile nyumba za bosi Taimur kule Buguruni tulipaka hii hii."

Wapangaji! Udongo wa kaburi la Saif haujakauka, ndugu yake ameshapanga kukipangisha chumba changu. Bati za nyumba hii zilinunuliwa kwa bangili zangu, Taimur anajua. Anajua pia kwamba kwa sasa siwezi kutoka kwenda kwa kadhi wala kwa mtu yeyote. Ndiyo maana ya haraka hii.

Nikajitanda baibui, nikapita mbele yao wote wawili, nikaingia chumbani na kushusha pazia. Hakuna mwanamume wa kuingia chumbani kwa mwenye eda, na Taimur ndiye aliyenihubiria hayo tangu siku ya matanga.

"Shemeji," akaita, sauti imeshuka, "fundi anasubiri."

"Mpe nauli aende zake. Uliniambia mwenye eda hatoki, nami nimekusikia. Eda ikiisha, bado sitoki."