Kipete Kwenye Ncha ya Mtutu

Mpima macho alikuwa na kiburi cha mtu aliyezoea kuambiwa ahsante. Dada yake mkubwa alipokuja dukani kutaka miwani ya kulengea shabaha, mwezi mmoja kabla ya timu ya klabu kuchaguliwa, alimkalisha kitini kama mteja yeyote na kumsomesha herufi za ukutani.

"Njoo klabuni unipime nikiwa nimelala kifudifudi na bunduki yangu," dada alimwomba.

"Dada, kwani ukilala unabadilisha macho?" Akacheka peke yake.

Akamtengenezea miwani ya kuona mbali, safi kabisa. Wiki haikuisha, dada akarudi. Shabaha aliiona kama iko mlangoni, ila kile kipete cha chuma kwenye ncha ya mtutu, ambacho mlengaji huiweka shabaha katikati yake, kilikuwa ukungu mtupu.

"Huo ni umri," mdogo wake alimjibu, na miwani yenyewe hakuigusa. "Hamsini na nne si mchezo."

Dada alimwamini, kwa sababu ndiye aliyesomea. Akawapisha wengine kwenye timu, akakabidhi bunduki, na Jumamosi zake zikabaki za kufua mapazia.

Miaka mitatu baadaye, fundi mwashi mstaafu aliingia dukani na kamba yenye fundo.

"Kutoka jichoni hadi kwenye kipete cha mtutu ni hapa," alisema, akilishika fundo. "Nataka kipete kionekane. Shabaha ikififia kidogo haidhuru, ni doa jeusi tu, litakwenda wapi?"

Mpima macho akaongeza nguvu ya lenzi kwa nusu nambari. Fundi akachekelea.

"Walengaji wote mnataka hivi?" mpima macho akauliza.

"Wote, bwana. Kwani hukujua?"

Hakujua, na aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nusu nambari! Angeipata siku ileile dada alipomwomba, kama angeinua makalio yake na kwenda klabuni kuangalia.

Alipomaliza kumtengenezea dada miwani mpya, alifunga duka mchana kweupe, akampelekea mwenyewe nyumbani. Dada alilala kifudifudi sebuleni na mpini wa ufagio, pete ya pazia imefungwa kwenye ncha, akailenga swichi ya taa mwisho wa ukumbi. Mdogo wake akapiga magoti, akasogeza fremu mpaka katikati ya lenzi ikakaa sawasawa mbele ya jicho. Kazi yote ilimchukua dakika moja.

Dada aliilenga tena swichi.

"Kinaonekana," akasema.

"Nisamehe, dada. Kesho nitakupeleka klabuni mwenyewe."

"Uliniambia nimezeeka." Hakuwa na hasira, shavu lake lilikuwa bado kwenye mpini. "Nikakuamini, mdogo wangu. Nikaenda nikazeeka."