Kisigino cha Maulida

Zuwena alikuwa shambani anang'oa muhogo aliposikia mwanawe akipiga ukelele. Jembe alilitupa huko, akatimua mbio mpaka uani kwa shemeji yake, Mwinyimadi.

Lahaula! Maulida, binti wa miaka kumi na minne, amelazwa kifudifudi mkekani, wanaume wawili wamemkalia mgongoni, na Mwinyimadi kaukamata mguu wake, wembe mkononi. Damu ilishafika kwenye vidole.

Mwinyimadi ndiye mkata sunzua wa Marui nzima. Akiona kinundu cha ngozi, wembe. Akimaliza, anachoma kwa chuma cha moto. Na lile baka jeusi la kisiginoni kwa Maulida aliliita sunzua tangu siku ya kwanza. Zuwena alimweleza, wee, mpaka koo likamkauka: daktari wa Kibaha amesema huenda ni saratani ya ngozi, lisiguswe, Jumatatu atalikata mwenyewe likapimwe. Mwinyimadi akacheka.

"Saratani ya ngozi ni ya wazungu, shemeji. Mtoto mweusi tii huyu ataipata wapi?"

Sasa chuma kilikuwa kwenye makaa, chekundu.

Zuwena aliokota mchi. Pigo la kwanza lilimpata Mwinyimadi begani, la pili likauvunja mkono ulioshika wembe, mfupa ukasikika. Mwanamume mmoja akamtwanga Zuwena ngumi ya mdomo, jino likang'oka. Hakujali! Alitema damu, akamshindilia mchi wa tumbo, akambeba mwanawe mgongoni.

"Umeniua, mwanamke!" Mwinyimadi alilia.

"Ningekuua kweli, ningekuwa na nafasi."

Kibaha, alasiri hiyo hiyo, Daktari Elinipa alikitazama kidonda. Kisha akasema hakuna cha kungoja Jumatatu. Kilichobaki kikatwe leo, kipimwe, wajue kama ugonjwa umeshatembea. Akachukua sindano ya ganzi.

Maulida akaona mkono mwingine unaukaribia mguu wake, wazimu ukampanda. Alimpiga daktari teke la kifua, sinia la vifaa likamwagika chini. Zuwena akamdaka.

"Hata wewe, mama? Hata wewe unanishika?"

Zuwena alimlalia kwa uzito wake wote, sawasawa na wale wanaume, na alijichukia. Maulida akazamisha meno mkononi mwake mpaka damu ikachirizika.

"Ng'ata, mwanangu," Zuwena alisema huku analia. "Ng'ata tu. Daktari, mdunge."