Saa Moja na Dakika Kumi

Kwa miaka minne kaka yangu Godwin alikuwa na maneno yale yale kwenye simu. "Dar na Arusha si mbali, mama. Kwa ndege ni saa moja na dakika kumi. Nikipata nafasi nakuja." Mama aliyaamini. Majirani wetu wa Nkoaranga, mlimani Meru, wakimuuliza habari za mwanawe, aliwajibu, "Yuko karibu tu."

Mwaka huu macho yake yakaingia ukungu. Daktari alisema la kulia halitaona tena. Siku hiyo hiyo mama akaniambia, "Elizabeth, nipeleke kwa Godwin nimwone sura kabla na hili lingine halijazimika. Usimwambie. Ukimwambia, atasema ana safari."

Tulipanda basi alfajiri, na mkungu wa ndizi na kahawa aliyoikaanga mwenyewe. Kabla hatujafika Korogwe miguu yake ilikuwa imevimba. Nikamvua viatu, nikaipakata. Tulifika Dar jioni, baada ya saa kumi na mbili za kukaa kitini.

Wifi yangu Brenda alifungua geti, akashika mdomo. "Shikamoo, mama! Jamani, mbona hamkusema? Mmepishana na Godwin. Ameondoka asubuhi na ndege."

"Kwenda wapi?" nikauliza.

"Si huko huko Arusha? Kwenye kikao chake cha kila mwezi. Wanafikia hoteli kule Themi." Alinitazama, kisha akamtazama mama. "Lakini si huwa anapita kwako, mama? Kila akirudi hunipa salamu zako."

Mama alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. "Kikao hicho kimeanza lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

Kutoka Themi hadi nyumbani kwetu, kwa gari, hata saa nzima haiishi. Nilitaka kupiga kelele. Mama alikula wali kidogo, akamshukuru Brenda, akalala.

Asubuhi Godwin alipiga simu ya mkewe, akaomba tumsubiri, anarudi na ndege ya jioni. Mama hakuishika simu. "Mwambie asijisumbue," alisema, akaanza kutafuta viatu vyake. Miguu ilikuwa haijapungua.

Jumapili iliyofuata, tukiwa tumesharudi nyumbani, Godwin alipanda mlimani kwa gari la kukodi. Mama alinituma nitoe vikombe vya wageni.

"Karibu," alimwambia. "Habari za Dar?"

Godwin alipiga magoti mbele yake. "Mama, nisamehe. Mara ya kwanza nilichoka tu. Baadaye nikaona aibu, nitakueleza nini? Kadiri nilivyochelewa ndivyo aibu ilivyozidi."

"Kunywa chai, inapoa."

"Nitazame basi, mama. Si ulitaka kuniona?"

"Nilitaka wiki iliyopita," mama alisema, akageuza uso kuelekea migombani.

Godwin alikaa pale hadi chai ikafanya utando. Saa tisa akasema ndege haitamsubiri. Nilimsindikiza hadi kwenye gari, na alipoufungua mdomo nilimfungia mlango.

Niliporudi, mama alikuwa ameweka ungo mapajani, anachambua maharage kwa vidole. Mawe mengi yalikuwa yanampita. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye, nikawa nayaokota bila kumwambia.