Sauti ya Mjinga kwa Katsuva

Honorine hakuwa na haja na sinema. Haja yake ilikuwa mabenchi. Tangu vita vilipowakimbiza kutoka Djugu, yeye na mjukuu wake Bénédicte, aliyekuwa akikohoa, walilala juu ya mabenchi ya ukumbi wa video wa Katsuva, mtaa wa Lumumba mjini Bunia. Katsuva alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, na hakuwahi kuwauliza wataondoka lini. Lakini komanda wa askari wa mtaa alikwisha kumwonya: fujo moja tu, ukumbi unafungwa.

Siku hiyo filamu ilianza saa nane mchana, maana jioni hakuna aliyethubutu kutembea. Ilikuwa ya kuchekesha: vibarua wa nchi nne waliokwenda ugenini kujenga maghorofa, chumba kimoja, sufuria moja, kila mtu na mapishi ya kwao. Maneno yalikuwa ya kigeni, basi Evariste, mtafsiri wa ukumbi, alisimama kando ya televisheni na mikro ya kupaza sauti, akiwasemea wote kwa Kiswahili, kila mmoja na sauti yake. Watu walikuja kwa ajili ya hilo hasa.

Ikafika zamu ya kibarua mjinga, aliyeunguza chakula cha wenzake. Evariste, bila kuwaza, akampa matamshi ya wakulima wa Djugu.

Upande walikoketi wafanyabiashara wa mjini ukaangua kicheko, na mmoja wao akapaza sauti:

"Hata kule kwa bazungu, batu ya Djugu banaunguza sufuria!"

Lucien, mkimbizi mwingine wa Djugu aliyezika ndugu zake wawili mwaka ule, akasimama. "Weye! Rudilia ile neno!" Wanaume wanne wakasimama nyuma yake. Benchi likaanguka.

Honorine akamshika shati. "Lucien, mutoto yangu, ikala. Bakifunga hapa, Bénédicte atalala wapi?"

"Mama, banatucheka!"

Hapo Katsuva akatoka mlangoni, akapita katikati yao, akamnyang'anya Evariste mikro. Kwenye televisheni mjinga alikuwa bado anakwangua sufuria. Katsuva akamsemea kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kubembeleza wateja ambayo soko zima la Bunia liliijua:

"Mama, haiko ya kuungua! Hii ni harufu ya kalité, kitu ya muzuri! Imetoka Butembo leo asubuhi!"

Lucien akacheka, kicheko kilichomtoka bila ruhusa yake. "Ni Katsuva kabisa!" Wafanyabiashara nao wakashika mbavu. Lucien akainua benchi, akaketi.

Watu walipotawanyika, Honorine alimpelekea Katsuva chai. Shati la Katsuva lilikuwa limelowa jasho.

"Papa Katsuva, umejitoa ili bacheke weye."

"Mama, nimechoka. Kesho naweka filamu ya karaté. Mule hakuna mutu anasema."

Honorine akasogeza mabenchi mawili pamoja, akamlaza Bénédicte. Mtoto akakohoa. Katsuva akaweka kikombe chini, akatungua lile pazia zito la dirishani lililozuia mwanga wakati wa filamu, akalikunja mara mbili, akamfunika.