Kubembeleza Resini

Resini, ule utomvu wa kutengenezea lenzi za miwani, haitaki pupa. Ukiimwaga kwenye kalibu ikiwa laini na angavu kama maji, kisha ukaiwashia taa kali ya zambarau papo hapo, huganda kwa hasira, hujikunja, na lenzi hutoka na mawimbi. Jambo hilo lilimtesa fundi mmoja wa lenzi miaka mingi, hadi alipogundua dawa yake: taa hafifu kwanza, taratibu, ndipo ile kali. Wakati huo yeye na mumewe walikuwa na mtoto mchanga, aliyelazwa humo humo karakanani, basi fundi akakuita kule kutanguliza taa hafifu kubembeleza. Lilikuwa neno la utani baina yake na mumewe. Wateja waliambiwa tu kwamba lenzi hugandishwa kwa mwanga, wakaridhika.

Sasa hospitali ya macho ilitaka mtengenezaji mmoja wa lenzi zake zote. Daktari mkuu aliwaita wawili ofisini kwake: fundi, aliyefuatana na mumewe, na mhandisi wa kiwanda kikubwa. Fundi hakuwa na wasiwasi. Lenzi za kiwanda zilijulikana; ukizivaa, ngazi zinacheza ngoma.

Daktari aliinua lenzi ya kiwanda dirishani. Ilikuwa safi. Akaigeuza, akaitazama tena.

"Safari hii mmefanyaje?"

"Siku hizi tunaibembeleza kwanza," mhandisi alisema bila kupepesa macho. "Ndivyo tunavyoita."

Fundi aliinuka kitini. Kikulacho ki nguoni mwako, na waliosema hivyo hawakuwa wamelewa.

"Hiyo njia ni yangu," alisema. "Na hilo neno nimelitunga mimi."

"Nani shahidi wako, mama?" daktari aliuliza kwa upole.

"Mume wangu, huyu hapa."

Wote wakamgeukia. Mume alikohoa, akanyoosha kola ya shati.

"Daktari, nisiseme uongo. Hilo ni neno la kawaida tu. Kila mtu anabembeleza."

Mhandisi akajifanya anatafuta kalamu. Lenzi zilikuwa sawa, na kiwanda kilikuwa na mashine nyingi zaidi, basi daktari akakipa kiwanda kazi.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, mume alitembea nyuma kidogo, kisha akajikaza kusema.

"Mama watoto, usininunie. Kule kiwandani wamenipa usimamizi wa chumba cha lenzi. Na wewe nimekuombea nafasi, chini yangu. Utawafundisha wale vijana."

Fundi alisimama.

"Hata mimi niliwahi kukuombea nafasi," alisema. "Kwa baba yangu, aliponiambia wewe si mtu wa kuaminika. Nililia mpaka akakubali."

Mume alitazama viatu vyake.

"Kesho naenda kumwomba msamaha," fundi alisema, akavuka barabara peke yake.