Jicho Linajifunza Kusema

Programu yenyewe iliitwa Jicho, na aliyeiandika ni mama mkwe. Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Ungelipatia Jicho picha yoyote iliyopigwa kwa darubini, lingekuonyesha hata nyota iliyofifia ambayo wengine wangeidhani ni uchafu wa kioo. Lakini lilikuwa bubu. Programu nyingine pale kwenye kituo cha utafiti wa anga zilikuwa zinapashana habari kutwa: ukibofya nyota kwenye orodha, programu ya picha inageuka yenyewe kuitazama. Jicho lilikaa kivyake kama mgeni aliyenuniwa. Mkuu wa kituo akatoa neno moja: ama Jicho lizungumze na wenzake, ama lifutwe kwenye kompyuta zote. Na mwenyewe aliyeliandika aridhie kwanza, maana haki ni yake.

Kazi ikamwangukia mkamwana. Alijifunzia kazi ndani ya programu ile tangu akiwa mwanafunzi, na aliipenda. Ila alimwogopa aliyeiandika. Mama mkwe alikuwa amestaafu kwenye kituo kilekile, akiacha sifa ya kutosamehe kosa hata la nukta, na tangu harusi wawili hawa hawakuwa wamevuka salamu. Mengine yote yalipitia kwa mume, fundi miwani ambaye rafiki zake walimwita Asali, kwa kuwa alijua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa hadi ashukuru.

Asali akaenda kuomba ruhusa. Mama yake akajibu, "Mwambie akiligusa atanitambua."

Akarudi kwa mkewe. "Mama amefurahi sana. Anasema endelea."

Na kwa mama yake akapeleka hivi: "Mke wangu anasema hatagusa hata mstari mmoja bila wewe. Mkuu naye anataka kuliandika jina lako ukutani." Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alipenda kula kwa utulivu, basi.

Mkamwana akafanya kazi kwa moyo mweupe. Katikati ya programu zote paliwekwa programu ndogo ambayo pale kazini waliiita tarishi. Hupokea ujumbe wa mmoja na kuwagawia wengine, bila kutia chumvi wala kupunguza. Akalifundisha Jicho kumsikiliza tarishi na kumpa habari zake. Jumamosi akabeba kompyuta yake, akaenda kwa mama mkwe ili asikie ridhaa kwa masikio yake, kwani Jumatatu mkuu angetaka jibu. Asubuhi Asali alikuwa ameshaliweka Jicho jipya kwenye kompyuta ya mama yake na kuiunganisha na ya mkewe, akisema anaisafisha.

"Mama, tazama hapo kwako," mkamwana akasema, akabofya nyota kwenye orodha yake.

Picha ya mama mkwe ikateleza yenyewe hadi kwenye nyota ile. Mama mkwe akaiondoa mikono mezani.

"Nani ameligusa?"

"Mimi, mama. Si ulisema niendelee?"

"Nilisema ukiligusa utanitambua."

Wote wawili wakamgeukia Asali. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia kwenye kochi la mama yake.

"Mama anachomaanisha," akamwambia mkewe, "ni kwamba amevutiwa."

"Sijavutiwa."

"Na mke wangu anachomaanisha, mama..."

"Ana kinywa chake."

"Mjumbe hauawi," Asali akanung'unika.

"Mjumbe aliyefikisha. Wewe nenda jikoni."

Wakati huohuo picha ikaanza kutetemeka. Ilikwenda kwenye nyota, ikaruka pembeni kidogo, ikarudi, ikaruka tena.

"Umelifanya nini Jicho langu?"

"Nimelifundisha kusema."

"Umelifundisha umbea."

Mkamwana alihisi machozi, na hasira ikayatangulia. "Lilikuwa linafutwa, mama! Jumatatu mkuu anataka jibu lako. Ukikataa, linaondolewa kila mahali. Mimi nimekulia humo. Siwezi kulitazama likifa kwa sababu tunaogopana."

Mama mkwe akatazama mlango wa jikoni, ambako vikombe viligongana kwa woga.

"Mimi nimeambiwa la jina ukutani tu," akasema taratibu. "Hebu nionyeshe ulichoandika."

Hapo ndipo walipogombana sawasawa, bega kwa bega, mbele ya skrini moja. Mama mkwe akasema majina aliyotumia mkamwana ndani ya programu ni marefu kama msafara. Mkamwana akajibu kwamba nusu ya vitu vya mama vinaitwa kwa herufi moja moja na hakuna binadamu anayevielewa. Asali alileta chai, ikapoa, akaileta nyingine.

"Hapa," mama mkwe akasema mwishowe. "Kila likigeuka linatangaza. Limegeuka lenyewe au limegeuzwa?"

"Si mamoja?"

"Si mamoja hata kidogo. Mtu akikuonyesha kitu, humrudii yuleyule ukamwambia tazama kule."

Mkamwana akaona. Jicho lilikuwa likitangaza kila lilipogeuzwa, orodha ikasikia na kujibu, nalo likageuka upya. Akaandika kwamba litangaze pale tu mkono wa mtu unapoligeuza. Akabofya. Picha ikaenda kwenye nyota, ikatulia.

"Mwambie mkuu nimeridhia," mama mkwe akasema. "Maneno hayohayo."

Mkamwana akafunga kompyuta yake, lakini hakuinuka. "Mama, siku ya harusi niliambiwa umesema unanipenda kama binti yako wa kumzaa. Ulisema?"

Asali akaanza kuchunguza pazia.

"Sikusema. Sikukujua. Nilisema ukumbi una joto."

Mkamwana akacheka, na bado ikamuuma. Ilikuwa miaka ya kuishi na maneno yale. Mama mkwe alimwona.

"Lakini leo umenikera tangu mchana," akasema. "Mtu baki hajawahi kunikera hivi. Wanaoweza ni wanangu tu. Fungua hiyo kompyuta, sijamaliza na wewe. Rangi zako nazo zina kosa."

Mkamwana akaifungua, akamsogezea kiti.