Mgambo wa Mlango wa Sharon

Jumapili ile Bibi Bertilla alitoka kanisani kabla ya matangazo kwisha, akakata njia ya mkato mpaka nyumbani kwake Izia. Alikuwa na ugeni. Kikundi kizima cha wakulima wa ulezi kilikuwa kinakuja uani kwake kumjaribu mjukuu wake Sharon, na yeye hakutaka watu wafike wakute uwanja haujafagiwa. Wakiisema programu ya mjukuu angevumilia. Wakiusema uwanja, hapana.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kikundi kina mashine moja ya kupura ulezi na wanachama ishirini na wawili. Kipupwe kikianza kuvuma na masuke yakikauka, kila mmoja anataka mashine iende kwake kesho asubuhi. Zamu alikuwa akizipanga mwenyekiti, Mzee Wilibrodi, kwenye daftari lake la jalada jeusi. Mzee Wilibrodi si mwizi, hilo Bertilla angeapa hata mbele ya paroko. Shida yake ni tumbo. Ukimkaribisha togwa zito, jina lako linapanda mistari miwili. Ukimchinjia kuku, linahamia ukurasa wa kwanza. Mwaka jana Dominika, mjane asiye na kuku, alifikiwa na mashine wakati panya wameshamaliza nusu ya lundo lake.

Sharon, binti wa Calvin mtoto wa Bertilla, alikuwa amerudi kutoka chuo Mbeya na kompyuta yake ya kupakata. Alipoyaona hayo akasema ataandika programu ya kupanga zamu kwa ujumbe wa simu. Mzee Wilibrodi alicheka mpaka akakohoa. Lakini mkutano ukakubaliana: Jumapili programu ijaribiwe. Kila mwanachama atakayefika akipata zamu yake, daftari linastaafu.

"Akikosa hata mmoja," Wilibrodi alisema, kidole juu, "programu inarudi Mbeya ilikotoka, na huyu binti asitupotezee muda tena."

Wiki nzima Sharon aliandika, na wiki nzima Bertilla alikaa kando yake akichambua maharage ambayo yalikwishachambuliwa tangu Jumatatu.

"Hiyo ni lugha gani?"

"JavaScript, Bibi."

"Inasemwa wapi? Zambia?"

"Inasemwa na kompyuta. Angalia. Kuna kompyuta iko mbali, hailali, tunaiita seva. Mimi naijengea milango. Huu mlango wa kuomba zamu, huu wa kuangalia zamu, huu wa kuifuta. Wenzangu milango hii wanaiita API. Ujumbe wa mtu ukitoka kwenye simu unakuja kugonga mlango mmoja."

"Halafu unaingia tu, kama mbuzi?"

"Hapana. Katikati ya mlango na ndani nimeweka walinzi, wamejipanga mmoja nyuma ya mwenzake. Wa kwanza anazuia wasumbufu: simu moja ikigonga zaidi ya mara tano kwa saa, anaifukuza. Wa pili anauliza namba yako ya uanachama na neno lako la siri. Wa tatu anatazama kama umeshapewa zamu. Wote wakiridhika, ndipo unafika ndani."

"Mgambo watatu kwa ajili ya ulezi!" Bertilla alisema. "Hata mnada wa ng'ombe hauna."

Alisema hivyo kwa dharau, lakini jioni hiyohiyo alienda kumwambia Leonia, jirani yake, kwamba mjukuu wake ana mgambo watatu chini yake.

Neno lake la siri Bertilla aliliandika mwenyewe kwenye kompyuta, Sharon akiwa ameambiwa ageuke nyuma. Lilikuwa jina la kijana mmoja aliyekuwa akileta samaki, migebuka mikavu, kutoka Kasanga, mwaka ule kabla Bertilla hajaolewa.

"Hata mimi siwezi kulisoma, Bibi. Seva inalificha."

"Ndivyo inavyotakiwa," alijibu Bertilla. "Babu yako alikuwa na masikio makali, sina hakika kama yamezikwa yote."

Basi, Jumapili watu wakafika. Kwa Bertilla hakuna anayeanza na shida yake. Unapiga hodi, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unasalimiwa wewe, kisha unaulizwa wa nyumbani mmoja mmoja, na wa jirani uliowapita njiani. Wanachama walikuwa kumi na saba, Bertilla mwenyewe akiwemo, kwa hiyo salamu peke yake zilikula nusu saa. Ndalahwa naye alikuwepo, yule Msukuma mwenye maksai wanaoikokota mashine shamba hadi shamba, maana yeye ndiye angepokea orodha. Mzee Wilibrodi alikuja na daftari kwapani, limefungwa kwa kamba kama mgonjwa anayepelekwa zahanati.

"Haya," Sharon alisema, "kila mmoja atoe simu."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Simu ya Margareth ilikuwa kwa fundi. Ya Leonia haikuwa na chaji tangu Alhamisi. Nyingine hazina salio, nyingine zimebaki na watoto. Iliyokuwa nzima ni ya Dominika, na Dominika aliitoa bila kuombwa. Simu hapa Izia ni kama kinu: mwenyewe anajulikana, lakini anayetwanga ni jirani.

Dominika akatuma wa kwanza. Simu ikalia. Akasoma kwa sauti ya masomo ya misa: "Umepokelewa. Zamu yako ni ya 1."

Vigelegele. Margareth akafuata, akaificha simu ndani ya kanga wakati wa kuandika neno la siri, ungedhani ananyonyesha. Zamu ya pili. Leonia, ya tatu. Ya nne. Ya tano. Bertilla alianza kuangalia watu usoni mmoja mmoja, kuhakikisha wanaona.

Wa sita alikuwa Hellena. Akaandika, akatuma, akasubiri. Uso ukamkunjamana.

"Inasema, 'Umegonga mara nyingi mno. Rudi baada ya saa moja.' Mimi nimegonga saa ngapi?"

Akajaribu tena. Jibu lilelile. Uani ikasikika kamba ya daftari inafunguliwa.

"Pole, Hellena mama," Mzee Wilibrodi alisema, akilowesha kidole kwa mate. "Njoo huku kusikokuwa na mgambo. Daftari hili halijawahi kumwambia mtu arudi baada ya saa moja."

"Lilimwambia Dominika arudi baada ya wiki sita," Bertilla alimjibu. Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

Sharon alikuwa ameinamia kompyuta. "Haijaharibika," alisema polepole. "Inafanya nilivyoiambia. Inaona simu moja inagonga mara sita, inadhani ni msumbufu." Akainua macho. "Chuoni kila mtu ana simu yake. Sikufikiria. Labda... labda kila mtu akatafute simu yake."

"Yangu iko Kasesya, kule mpakani, na mume wangu," mmoja akasema, na safari hii kicheko kilikuwa kirefu, nacho hakikuwa kizuri.

Bertilla aliona mjukuu wake anaandika neno, analifuta, analiandika tena lilelile. Alikuwa na mzaha mdomoni, mzuri tu, akaumeza.

"Sharon. Hodi ikipigwa hapa, mimi nafanyaje?"

"Bibi, siyo sasa..."

"Nimeuliza."

"Unasema karibu. Unasalimia. Unauliza wa nyumbani."

"Vizuri. Dominika akija hapa asubuhi anakuja na shida za nyumba sita: huyu anaomba chumvi, yule anauliza jembe. Nikihesabu miguu yake pale mlangoni, nitasema amekuja mtu mmoja, amenichosha. Nikimsalimia kwanza, najua zimekuja nyumba sita, na kila nyumba imekuja mara moja. Huyo mgambo wako wa mbele anahesabu miguu kabla ya salamu. Nani alimlea?"

Sharon alimtazama bibi yake kama mtu aliyeonyeshwa funguo alizozikalia.

"Nimewapanga vibaya," akanong'ona. "Anayeuliza jina atangulie. Anayehesabu akae nyuma yake, na ahesabu mwanachama, asihesabu simu."

Bertilla aliyaona kwa macho yake mawili: mstari mmoja uliokuwa juu ukanyanyuliwa, ukashushwa chini ya mwenzake, kisha neno moja likafutwa, likaandikwa jingine. Basi. Sharon akautuma ule mpango mpya kwenye seva, wakasubiri muda wa kumenya viazi viwili.

"Jaribu, Mama Hellena."

Simu ikalia. Hellena akasoma kimoyomoyo, akawatesa watu kidogo, ndipo akapiga kelele: "Zamu yako ni ya sita!"

Kuanzia hapo simu ilizunguka kama kibuyu cha pombe harusini. Mzee Wilibrodi alipofikiwa, hakutuma namba yake kwanza. Alituma ya shemeji yake Steven ambaye hakuwepo, na neno la siri la kubahatisha. "Hatukutambui," simu ikamjibu.

"Nilikuwa napima tu," alisema.

"Tumeona, Mwenyekiti. Sasa pima na jina lako," Dominika akamwambia, naye hakuwahi kumwambia hivyo mtu yeyote mwenye daftari.

Akapata ya kumi na moja. Akaifunga kamba yake taratibu, akampa Sharon mkono, kwa mikono miwili, mbele ya wote.

Bertilla, mwenye nyumba, alikuwa wa mwisho: kumi na saba. Watu walipoanza kuaga alimsogelea mjukuu wake.

"Nisogeze kidogo. Mpaka saba tu."

"Siwezi, Bibi. Hakuna mlango wa kusogeza watu. Sikuujenga."

"Hata kwa bibi wa mwenye milango? Aliyekufundisha salamu?"

"Hata kwake."

Bertilla akaiomba simu ya Dominika, akajaribu mwenyewe. "Bertilla, tayari una zamu ya 17. Tafadhali subiri." Akasonya kwa nguvu, wa njiani wakageuka. Akamwonyesha Leonia alivyofukuzwa na mjukuu wake. Akamwonyesha Margareth. Akamfuata Hellena mpaka barabarani kumwonyesha, na uso wa hasira ulianza kumshinda kuushikilia.

Mashine ilimfikia siku ya tisa. Daftari jeusi lilikuwa bado kwapani kwa Mzee Wilibrodi. Humo ameandika neno lake la siri, maana hulisahau, na akilitafuta hulisoma kwa sauti.

"Shikamoo, Bibi," Ndalahwa alisema, akiwasimamisha maksai kando ya lundo. "Mimi nashangaa. Mwenye programu ni mjukuu wako, analala kwako, anakula kwako. Wewe ukawa wa kumi na saba?"

"Marahaba. Mgambo wa pale hanijui kabisa," Bertilla alisema, akafunga kanga kiunoni na kuchukua ungo. "Na kalelewa nyumbani kwangu, uwaambie na huko unakokwenda."